Mguu Wangu na Paa la Bwana Daktari

Wewe unayesoma haya huku mguu wako umeuweka juu ya kigoda na nzi wanakuzunguka, karibu. Nakujua. Najua umeshaambiwa upake samadi, upake majani, upake mafuta ya kondoo, na kila aliyekuambia ana miguu miwili mizima. Mimi sikuandikii dawa. Nakuandikia namna mtu anavyoishi na kidonda ndugu kwa muda mrefu bila kugombana na nyumba nzima, jambo ambalo mimi lilinishinda. Tena nataka ujue namna mguu wangu wa kushoto ulivyobaki hapa ulipo kwa sababu ya jirani yangu Kilusu, mtu ambaye hata leo nikimwona anakuja kwangu natafuta pa kupitia.

Kilianza kwa kijiti. Nilikuwa nasafisha mfereji wa maji juu ya shamba langu, huku Makumira, wakati wa mvua za vuli, nikachomwa kwenye ugoko. Nilikichomoa nikakitupa, nikaendelea na kazi. Mvua zilipokwisha, pale pa kijiti palikuwa na shimo. Jua la kiangazi lilipokolea, shimo lingeweza kumeza yai la kuku, na lilikuwa na harufu yake. Mbuzi wangu mwenyewe walianza kunikwepa. Mke wangu, Nasinyari, hakunikwepa, ila alihamisha mafiga akawa anapikia nje.

Mwili ukabadilika. Mimi nilikuwa mtu wa kubeba mkungu wa ndizi begani kutoka shambani hadi sokoni Tengeru bila kutua. Sasa paja likanywea, mbavu zikatokeza, nikawa natambaa kwenda nje kujisaidia. Mwanangu Ndeso ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutambaa, naye alifurahi sana kupata mwenzake. Tulikuwa tukishindana hadi mlangoni, na mara nyingi alinishinda.

Na hasira nilizokuwa nazo, usiseme. Nasinyari akileta maji ya moto namgombeza, akileta ya baridi namgombeza. Siku moja aliweka kibuyu chini akanitazama.

"Baba Ndeso," akasema, "kidonda kiko mguuni. Mdomo wako mzima, basi upumzishe."

Wakati huo tulikuwa katika darasa la ubatizo, mimi na majirani kadhaa. Mwalimu wetu alikuwa Filipo, Mchaga kutoka Machame, mtu mpole mwenye sauti ndogo, ambaye misheni ilimleta aishi nasi. Alitufundisha kwamba kumfuata Kristo si kuimba kwa nguvu wala kuvaa kanzu nyeupe. Ni kuishi kama yeye alivyoishi. Basi akatupa kazi: kabla ya sikukuu ya Pentekoste, siku ambayo tungebatizwa, kila mmoja aende kuwaangalia wagonjwa, tena kila mmoja amtafute adui yake na kumtendea kama Kristo angemtendea.

Hapo ndipo taabu yangu ilipoanza, kwa sababu darasa zima lilikuwa na mgonjwa mmoja tu wa karibu, na huyo ni mimi. Walikuja wote. Huyu analeta maziwa, yule anasali sala ndefu, mwingine anakohoa tu pembeni. Walikaa kimya wakingojana, maana hakuna aliyetaka kuonekana kwamba huruma yake imeisha mapema. Nilikuwa nimelala pale nikinuka, nikiwapangia wote mahali pa kwenda, lakini wapi.

Halafu akaja Kilusu.

Kilusu shamba lake liko chini ya langu, na maji ya mfereji yanapita kwangu kabla ya kufika kwake. Kwa miaka mingi alisema mimi nafungulia maji siku ya zamu yake. Mimi nilisema hajui siku. Tulishafikishana kwa wazee mpaka wazee wakatuchoka. Sasa amesimama mlangoni kwangu na kibuyu cha maji ya uvuguvugu.

"Umefuata nini hapa?" nikamwuliza.

"Nimekuja kukupenda," akasema, uso umekunjamana kama wa mtu anayekwenda boma kulipa kodi.

"Nenda kampende mwingine."

"Sina adui mwingine. Nimefikiri sana, usiku na mchana. Ni wewe peke yako."

Akapiga magoti, akaanza kuosha kidonda. Akaja kesho yake, na kesho kutwa, kila siku ananiosha huku ananung'unika, na maharage yake yanavyokauka ananieleza. Nilimfukuza kwa fimbo, akaichukua fimbo akaiweka mbali, akaendelea. Nikamwambia Nasinyari amzuie.

"Mwache aoshe," akasema. "Mimi nimechoka. Na huyu ananyamaza ukimtukana, mimi siwezi."

Mwalimu Filipo alipokuja kunitazama nilimshitakia. Nikamwambia mimi ni mtu mzima, sijazoea kuoshwa kama mtoto, tena na Kilusu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Yesu aliomba maji kisimani kwa mwanamke asiyemjua," akasema kwa ile sauti yake ndogo. "Alipanda punda wa watu. Alikula kwa watu. Alikubali kupakwa mafuta miguuni mbele ya wageni. Wewe unataka kumshinda?"

Nikajifanya mguu unauma. Kwa kweli ulikuwa unauma.

Masika yalipoanza kunyesha, siku moja Kilusu alimwaga maji, akainama, akakaa hivyo kitambo kirefu bila kunung'unika. Nilijua kuna jambo. Mfupa ulikuwa unaonekana. Nasinyari akatoka nje, nikamsikia analia nyuma ya nyumba, na mimi nikalia humo ndani. Nilikuwa na shamba, mke na mtoto mchanga, na mkulima wa mguu mmoja kwenye miteremko ya mlima huu ni mtu wa kukaa mlangoni akingoja kulishwa. Huo ndio ukweli. Kifo sikukiogopa kama nilivyoogopa kukaa mlangoni.

Ikaamuliwa nipelekwe Arusha kwa daktari wa Kidachi, yaani Mjerumani. Kilusu na wenzetu watatu wa darasa walinifungia machela kwa ngozi na nguzo mbili, kama wanazobebewa Wazungu, tukaondoka. Njia ilikuwa tope tupu. Kilusu alishika mbele, na njia nzima alikuwa ananikumbusha habari za mfereji, kwa sababu sikuwa na pa kukimbilia. Tulipovuka mto Nduruma maji yamejaa, akageuza shingo.

"Ningekuachia hapa hapa," akasema. "Una bahati nataka kubatizwa."

Banda la dawa lilikuwa nyuma ya boma. Boma ni la mawe, lakini banda lilikuwa la miti na udongo, limeezekwa kwa majani, lina mlango mmoja mwembamba. Mbele ya mlango kulikuwa na ulimwengu mzima: askari wenye homa, wake zao wamebeba watoto, wapagazi wa miguu iliyochubuka, Makaburu wameshika mashavu, Waarusha wamejifunika ngozi, mama mmoja wa Pwani aliyemweleza kila mtu ugonjwa wake tangu ulipoanza. Aliyeita watu alikuwa Mzee Mabruki, msaidizi wa daktari, Mwislamu mwenye ndevu nyeupe na kofia safi isiyopata hata tone la tope. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia vizuri, akatazama mguu wangu na kutikisa kichwa.

"Askari kwanza, wanangu," akasema. "Ndiyo amri. Ngojeni."

Tukangoja. Ikiwa nawe utangoja mahali kama pale, nakushauri ukae upande ambako upepo unatoka kwako kwenda kwa watu, watakupisha nafasi pana. Ndiyo faida pekee niliyopata kwa kile kidonda. Lakini kila tulipokaribia mlango walikuja askari wengine, na tukirudi kesho ni hivyo hivyo. Mimi nilikuwa nimeanza kutetemeka kwa homa, na chakula chetu kilikuwa kinakwisha.

Asubuhi moja Kilusu alikuwa ameketi, amekodoa macho kwenye paa la banda. Nikaogopa, maana namjua.

"Sisi tuko wanne," akasema.

Wenzetu wakaelewa mara moja. Mwalimu Filipo alikuwa ametusimulia jioni ya mvua habari za wale rafiki wanne waliomleta mgonjwa wao kwa Yesu, wakakuta mlango umejaa watu, wakapanda juu, wakatoboa paa, wakamshusha mbele yake.

"Kule kulikuwa Kapernaumu," nikasema. "Hapa ni kwa Wadachi."

"Paa ni paa," akasema Kilusu.

Lazima nikueleze jambo, usije ukadhani tulikuwa wahuni. Kwetu kuezua paa si kuvunja nyumba. Mtu akitaka kuingiza mtungi mkubwa usiopita mlangoni, majirani wanaezua upande mmoja, wanaupitisha, na majani yanarudishwa kabla ng'ombe hawajarudi kutoka machungani. Na hakuna mtu huku kwetu aliyejua kuezeka kama Kilusu. Watu walimfuata kutoka mbali. Kwa hiyo wale wanne hawakuona ajabu yoyote. Waliona mlango umejaa, na paa lipo.

Nilipiga kelele, lakini mgonjwa akipiga kelele mbele ya banda la dawa nani anamshangaa? Wakanizungusha nyuma, wakapanda, wakaezua, wakanivuta juu na machela yangu, wakaanza kunishusha kwa kamba za migomba. Chini yangu nikamwona Bwana Daktari, kipara kinang'aa, ameweka goti kwenye kifua cha Kaburu mmoja mnene na koleo liko mdomoni mwake. Majani yakamwangukia kipara. Akatazama juu. Kaburu naye akatazama juu, akaniona nashuka nazunguka polepole na mguu wangu mbele, akaruka kwa nguvu zake zote, na jino likabaki kwenye koleo. Mzee Mabruki aliniambia baadaye kwamba lile jino lilikuwa limekataa kutoka tangu jua linachomoza.

Daktari alisema mambo mengi kwa Kidachi. Alipoishiwa akaja kwenye Kiswahili.

"Nani amefanya hivi?"

Wote wanne walikuwa wanachungulia tunduni. Kilusu akasogeza uso mbele.

"Mimi, Bwana. Hawa wameshika kamba tu."

"Kwa nini?"

Kilusu akamweleza habari yote, vizuri kabisa, na mwisho akaongeza kwamba Bwana Yesu hakukasirika. Daktari akajipangusa majani kichwani. Hadithi aliijua, nilimwona usoni.

"Na lile paa," akauliza, "alilitengeneza nani?"

Kilusu akawatazama wenzake. Mwalimu Filipo hakutufundisha hilo.

Sajenti mmoja alishaingia na kiboko, anataka kila mmoja apewe hamsa ishirini. Daktari akamzuia, akasema mtu aliyechapwa hapandi juu ya nyumba. Halafu, kwa kuwa nilikuwa nimetua mezani pake na kuniondoa ni kazi, akautazama mguu wangu. Akaubonyeza, akaunusa, akauliza una muda gani. Akasema ni wa kukatwa. Nikamshika mkono wa koti nikamwomba, na sioni haya kusema kwamba nililia mbele ya yule Kaburu, naye akaacha kutema damu akanitazama.

Daktari akasema hana kitanda kwa mtu ambaye si askari, lakini huyu aliyetoboa hatoki Arusha mpaka paa liwe kama lilivyokuwa, na mgonjwa atawekwa hapa kama rehani ili mwenzake asitoroke. Nitaoshwa kila siku. Siku paa litakapokwisha atautazama mguu tena, na kama nyama mpya haijaota, anakata siku hiyo hiyo. Wale watatu wengine akawafukuza warudi kwao.

Basi yakaanza majira ya maji ya zambarau. Mzee Mabruki aliyachanganya kwenye karai, akauzamisha mguu, halafu akakwangua kwa kisu kidogo. Wakati wa kukwangua alikuwa ananiuliza bei ya ndizi Tengeru, na hakukubali jibu fupi. Ukipata mtu wa kukuuliza habari za ndizi wakati kama huo, mshukuru Mungu. Yalipopita majira ya zambarau yakaja ya unga wa njano, wenye harufu mbaya kuliko kidonda chenyewe. Nilifurahi. Angalau sasa nilinuka dawa.

Na Kilusu alikuwa juu. Siku za kwanza alisema majani ya karibu hayafai, akaenda kuyatafuta ng'ambo ya mto Themi. Akarudi akasema ni mabichi, lazima yaanikwe. Yakianikwa, mvua inayalowesha. Yakikauka, kamba hazifai. Daktari aliwatibu watu chini ya tundu, Mzee Mabruki amemshikia mwavuli. Askari walikuja kumcheka Kilusu, wakamwita kobe, wakamwita mke wa kobe. Daktari alipomuuliza Mzee Mabruki kama kazi hii kweli ni ngumu namna ile, yule mzee aliangalia juu kwa makini sana.

"Majani ya huku yana shida, Bwana," akasema.

Mimi nilikasirika. Nilimwambia Kilusu ananiaibisha, kwamba watu wa Arusha watadhani kwetu hatujui kuezeka. Ni Nasinyari aliyenifumbua macho. Alikuja na ndizi za kuchoma na mtoto mgongoni, akakaa akimtazama Kilusu anafunga kitita kimoja cha majani, anakifungua, anakifunga tena.

"Huyu aliezeka nyumba yetu kwa siku moja, kabla hamjagombana," akasema taratibu. "Mbona hapa amekuwa hivi?" Kisha akautazama mguu wangu, akatazama juu tena, akajifunika uso kwa kitambaa. "Anakungoja wewe, Baba Ndeso. Siku akimaliza, unakatwa."

Nilikuwa mgonjwa wa mguu, lakini pale nilijiona mgonjwa wa kichwa. Nasinyari akanieleza kwamba shamba la Kilusu limeota magugu, na kwamba yeye amekuwa akienda kulipalilia kidogo jioni, akimaliza la kwetu.

Mvua zikaanza kupungua, Pentekoste ikakaribia. Mwalimu Filipo akaja kwa miguu. Alinisalimu, akaombea mguu, akatoka nje kumwita Kilusu.

"Mchungaji anakuja Jumapili," akamwambia. "Atakayekosa atangoja mwaka mwingine. Mgonjwa ana udhuru, lakini wewe je? Naona pamebaki pa kupitisha kuku tu. Maliza leo, kesho twende."

"Majani hayajakauka, Mwalimu," akasema Kilusu.

Filipo alishika bua moja la majani yaliyoanikwa pale ukutani. Likavunjika kwa jinsi lilivyokauka. Akalitazama, akamtazama Kilusu, halafu akachungulia ndani kwenye mguu wangu. Machozi yalimlengalenga yule mtu mpole.

"Kweli," akasema, "ni mabichi." Akaenda zake peke yake.

Jumapili ile tuliijua kwa kengele ya mapumziko ya askari tu. Wenzetu wote walikuwa wanabatizwa. Kilusu alikuwa juu ya paa, anafungua kitita alichofunga jana. Nilikuwa nimelala chini ya tundu, nikamwita.

"Kilusu. Ubatizo umepita. Huna kazi na mimi tena. Nenda nyumbani."

"Nani amesema nina kazi na wewe?"

"Si ulikuwa unanipenda kwa ajili ya ubatizo?"

"Ndiyo."

"Sasa?"

Alifungua kwanza kitita kingine.

"Nimeshazoea," akasema. "Na usidhani nimesahau mfereji."

Nilimwambia asante. Lilikuwa neno gumu kulitoa kuliko lile jino la Kaburu, lakini lilitoka, na nikajisikia mwepesi. Naye akaniambia ninyamaze, watu wanasikia.

Baridi ya kipupwe ilikuwa imeshuka kutoka mlimani siku Daktari alipochoka. Aliingia asubuhi akasema paa liishe au lisiishe, leo anautazama mguu. Mzee Mabruki akafungua vitambaa. Daktari akainama. Akabonyeza huku, akabonyeza kule. Mimi nilifumba macho, namwona Nasinyari ananiletea chakula mlangoni miaka yote ijayo. Kule juu hapakuwa na hata mchakacho wa jani.

"Nyama imeota," akasema Daktari. "Nyekundu. Nzuri. Mguu utabaki."

Nikafumbua macho. Kwenye tundu kulikuwa na uso wa Kilusu.

"Umesikia?" nikamwambia.

Uso ukaondoka. Halafu nikasikia vitita vya majani vinashuka mahali pake, kimoja baada ya kingine, haraka haraka, kamba zinakazwa kwa meno, fito zinalia. Daktari akaacha chombo alichoshika akatazama juu. Wagonjwa mlangoni wakatazama juu, na wale askari waliomwita kobe wakaja kusimama wamepanua midomo. Maji ya mguu wangu yalikuwa bado vuguvugu kwenye karai wakati mwanga wa tunduni ulipopungua, ukawa kama kiganja, ukawa kama jicho, ukafungika, na banda likawa giza na joto.

Kilusu akashuka, akapita katikati ya watu kwa mlangoni, akaja akageuka na kupiga goti mbele yangu kunipa mgongo wake.

"Panda," akasema, "twende nyumbani."